Yule mdudu mwembamba wa nyasini ni nzi mwindaji, lakini wa spishi gani?

*“Mtaalamu, nimekuwa nikipiga picha wadudu kwenye nyasi ndefu zilizo pembezoni mwa shamba. Kuna mmoja mwembamba mno, tumbo refu, miguu ya nyuma mirefu na minene kuelekea magotini. Haruki kwa kasi, anaelea polepole katikati ya majani kama anayetafuta kitu. Programu ya simu ilisema kwanza ni mbu mkubwa, picha ya pili ikasema ni kerengende, ya tatu ikasema ni Leptogaster cylindrica. Rafiki yangu aliyesomea biolojia anasema ni nzi mwindaji wa familia ya Asilidae, ila kitabu cha zamani nilicho nacho kinamweka kwenye familia nyingine kabisa, Leptogastridae. Mimi tayari nimeandika jina la programu kwenye orodha yangu ya wadudu. Nani yuko sahihi? Naweza kujua spishi kwa picha tu, bila kumuua? Na je, anauma? Watoto hucheza humo. Nimeambatanisha picha tatu.”*

Ndugu yangu, rafiki yako yuko sahihi. Kitabu chako hakikukosea kilipoandikwa, ila kimepitwa na wakati. Programu nayo ilikaribia ukweli mara moja tu, kisha ikaharibu kwa kutaja jina ambalo picha yako haiwezi kulithibitisha. Umeuliza mengi, ila nahisi linalokukosesha usingizi ni lile jina ulilokwisha kuliandika. Tutalifikia. Kwanza la watoto, maana jibu lake ni fupi.

Nzi hawa hawanyonyi damu ya binadamu na hawaambukizi ugonjwa. Ni wawindaji wa wadudu wadogo na buibui. Ndani ya mkonga wao kuna sindano ngumu, haipofarinksi, ambayo humchoma windo na kumpenyezea mate yenye sumu. Mate hayo humpooza na kuyeyusha nyama za ndani, kisha nzi hufyonza uji unaobaki. Nzi wawindaji wakubwa, wale wenye miili minene na miiba mingi, wakishikwa kwa mkono wanaweza kujitetea kwa kuchoma, na wanaochomwa husema maumivu ni makali. Huyu wako mwembamba ana mdomo mdogo sana na hana sababu ya kumsogelea mtu. Waache watoto wacheze, waambie tu wasimkamate nzi yeyote asiyemfahamu kwa vidole vitupu.

Sasa tumtambue. Anza kwa kuhesabu mabawa, kazi ambayo programu za simu hazifanyi. Karibu nzi wote wana mabawa mawili tu, na nyuma yake vijiti viwili vifupi vyenye vichwa vya mviringo vinavyowasaidia kudumisha usawa wanaporuka. Kwa hesabu hiyo kerengende anatoka, kwa sababu ana mabawa manne, hata yule mwembamba anayekunja mabawa yake juu ya mgongo akitua. Anatoka pia mdudu mwingine anayewapotosha hata watu wazoefu, yule wa familia ya Bittacidae. Naye ni mwembamba, ana miguu mirefu, hujining'iniza kwenye majani kwa miguu ya mbele na hula wadudu wengine. Ukimtazama vizuri utaona mabawa manne, na ukimtazama kwa lenzi utaona kila mguu unaishia kwenye ukucha mmoja. Nzi mwindaji ana kucha mbili kila mguu.

Wanaobaki ni wenye mabawa mawili. Mbu ana mkonga mrefu mwembamba unaochomoza mbele na vigamba vidogo kwenye mishipa ya mabawa. Wale nzi wa miguu mirefu wa familia ya Tipulidae, ambao watu wengi huwaita mbu wakubwa, wana vipapasio virefu vyenye pingili nyingi, alama ya mfereji wenye umbo la V mgongoni mwa kifua, na miguu inayokatika ukiigusa tu. Hawawindi. Yupo pia Systropus wa familia ya Bombyliidae, mwenye kiuno chembamba anayeiga nyigu. Huyo ana vipapasio virefu na mkonga mrefu wa kufyonza nekta, na kichwa chake ni cha mviringo.

Kichwa ndipo penye jibu. Mtazame mdudu wako uso kwa uso. Kwa nzi wawindaji wa Asilidae utosi umezama, yaani katikati ya macho mawili makubwa kuna bonde, na ndani ya bonde hilo, juu ya kijinundu, kuna vijicho vitatu vidogo. Ukiona bonde hilo kwa mbele, macho yamepanda pande zote mbili kulizidi, umekwisha kuingia kwenye Asilidae au karibu sana nayo. Chini ya vipapasio, juu ya mdomo, kuna nywele ngumu tunazoziita masharubu. Kwa spishi nyingi masharubu ni kichaka kizito kinachodhaniwa kukinga uso dhidi ya miguu na mabawa ya windo linalopapatika. Kwa kundi la huyu wako usitegemee kichaka. Mara nyingi utakuta mstari mmoja wa nywele chache ukingoni mwa mdomo, na ndiyo maana wanaoanza humtazama na kusema, “Huyu hana masharubu, si Asilidae.” Anayo. Tafuta mwanga wa pembeni.

Nzi wawindaji waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni zaidi ya spishi 7,500 duniani, na wamegawanywa katika nusufamilia. Wako ni wa nusufamilia Leptogastrinae. Tumbo lao ni refu na jembamba, mara nyingi linapita mbali ncha za mabawa yaliyokunjwa. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko mingine, na paja lake huanza jembamba kisha linavimba kuelekea gotini, kama ulivyoeleza. Mzizi wa bawa ni mwembamba, kwa sababu kile kijisehemu cha duara kilicho nyuma ya mzizi wa bawa kwa nzi wengine wengi hapa hakipo au kimebaki kidogo sana. Na chini ya kucha hakuna pulvili, yaani vile vitambaa viwili laini vinavyonata ambavyo nzi wengi huvitumia kushika sehemu telezi.

Hapa nitachukua muda kidogo, kwa sababu umeandika jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko picha zote tatu: “anaelea polepole katikati ya majani kama anayetafuta kitu.” Nzi wawindaji wengi hawafanyi hivyo. Mwindaji wa kawaida hutua mahali palipo wazi, juu ya kijiti, jiwe au mchanga, akasubiri. Mdudu akipita, anachomoka, anamdaka hewani, anarudi kula. Mwili wake umejengwa kwa mbio fupi za nguvu, kifua kinene na miguu yenye miiba ya kufungia windo lisiponyoke. Leptogastrinae wamekwenda njia nyingine. Wanapenya katikati ya mabua, wanaelea mbele ya jani, wanakagua, kisha wanamchukua mdudu aliyetulia pale alipo. Ndiyo maana kwenye orodha ya mawindo yao wamo vidukari na buibui wadogo, viumbe wasioruka au wasiokuwa wakiruka wakati huo. Akikamata, mara nyingi hujining'iniza kwenye bua kwa miguu ya mbele na kula huku miguu mingine ikishikilia windo. Ukiujua mwenendo huu, umbo linaeleweka. Wembamba humpitisha mahali ambapo mwenzake mnene angegonga majani, na miguu mirefu humfikisha kwenye windo bila mabawa kugusa bua. Kwa hiyo unapoandika kumbukumbu zako, usiache mwenendo. Programu haiuoni, wewe unauona.

Uzazi wao nao una jambo lake. Majike wa nzi wawindaji wengine wana vifaa maalumu nyuma ya tumbo, wengine kama upanga mwembamba wa kupenyeza mayai ndani ya mimea, wengine mzunguko wa miiba ya kuchimbia udongo. Jike la Leptogaster halina vifaa hivyo. Huyaacha mayai yaanguke chini kwenye nyasi, na maisha ya buu huendelea udongoni. Ukiona ncha ya tumbo isiyo na mapambo yoyote, usidhani imekatika. Huenda ni jike tu.

Tuje kwenye ugomvi wa rafiki yako na kitabu. Jenasi Leptogaster, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, iliundwa na Meigen, mtaalamu wa nzi wa Ujerumani, mwaka 1803. Mwaka 1862 Schiner, mtaalamu wa nzi wa Vienna, akawaweka hawa wembamba kwenye kundi lao ndani ya nzi wawindaji. Wakakaa humo zaidi ya miaka 100, hadi mwaka 1968 Charles Martin wa Marekani alipotoa hoja kwamba wametofautiana na wenzao kiasi cha kustahili familia yao wenyewe, Leptogastridae. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amewachunguza kwa miaka, na tofauti alizozitaja zipo kweli. Baadhi ya waandishi wakamfuata, wengine wakakataa, na kitabu chako kinaelekea ni cha wale waliomfuata.

Kasoro ya hoja yake ilikuwa kwenye swali lenyewe. Aliuliza, “Wametofautiana kiasi gani?” Uainishaji wa leo huuliza, “Nani ni ndugu wa karibu wa nani?” Mwaka 2009 Torsten Dikow, mtaalamu wa nzi wawindaji, alichapisha uchambuzi wa spishi 158 za Asilidae akilinganisha sifa 220 za maumbile, na baadaye akaongeza ushahidi wa DNA. Leptogastrinae walijitokeza wakiwa kundi halali lenye asili moja, ila wamechipuka ndani ya mti wa Asilidae, hawako kando yake. Ukiwatoa na kuwapa familia yao, Asilidae wanaobaki watakuwa na pengo: baadhi yao watakuwa karibu zaidi na waliotolewa kuliko na waliobaki nao. Ni sawa na kumfuta mtoto mmoja kwenye ukoo kwa sababu yeye ni mrefu na mwembamba, huku ndugu aliyezaliwa naye tumbo moja ukimwacha humo. Mpangilio huo wa 2009 unatambua nusufamilia 14, na Leptogastrinae ni mojawapo. Wewe andika “Asilidae, Leptogastrinae” na utaeleweka na kila mtu. Ukikuta Leptogastridae kwenye hifadhidata au lebo ya zamani ya makumbusho, jua ni wadudu walewale.

Kuna tahadhari moja inayotokana na historia hiyo. Sifa kadhaa zinazotumika kuwatambua ni za kukosa kitu: hakuna pulvili, hakuna kijisehemu cha bawa, masharubu haba. Kukosa ni ushahidi wa kuangalia mara mbili, kwa sababu kiungo kinaweza kupotea zaidi ya mara moja katika matawi tofauti ya ukoo. Wapo nzi wawindaji wengine wachache waliopoteza pulvili ambao si Leptogastrinae hata kidogo. Zaidi ya hayo, picha isiyo kali hufanya kila kitu kionekane hakipo. Usimweke mdudu kwenye kundi hili kwa sifa moja ya aina hiyo. Zikusanye pamoja: utosi uliozama, tumbo refu jembamba, paja la nyuma lililovimba mwishoni, bawa lenye mzizi mwembamba, na ule mwendo wa kuelea.

Haya, spishi. Nitakwambia bila kuzunguka kwamba jina Leptogaster cylindrica inabidi ulifute, au uliwekee alama ya kuuliza hadi upate ushahidi. Spishi hiyo ilielezwa na De Geer mwaka 1776, na ni ya Ulaya na maeneo ya Asia yanayopakana nayo. Programu hulitaja jina hilo kila mahali kwa sababu rahisi. Inajifunza kwa picha zilizokwisha kupewa majina, na katika kundi hili picha nyingi zenye majina zinatoka kule ambako wapigapicha wa wadudu ni wengi. Ikikutana na nzi mwembamba ambaye haijawahi kuoneshwa, mara nyingi haisemi “huyu simjui,” bali inachagua anayefanana zaidi kati ya inaowajua. Swali la kwanza la kuuliza jina lolote la programu ni hili: spishi hiyo imewahi kurekodiwa mahali ulipo? Kama haijawahi, jina limeshakosa msingi kabla hata hujatazama picha.

Picha ileile inaweza kutosha mahali pamoja na isitoshe pengine. Uingereza kuna spishi mbili tu za nzi hawa, L. cylindrica na L. guttiventris. Mtu wa huko mwenye picha safi ya miguu na tumbo anaweza kuzitenganisha bila shida, kwa sababu anachagua kati ya mbili. Penye jenasi kadhaa na makumi ya spishi, nyingine zikiwa bado hazijaelezwa na mtu yeyote, picha hiyohiyo itakufikisha kwenye nusufamilia na mara chache kwenye jenasi. Picha haijapungua ubora. Idadi ya wanaofanana ndiyo iliyoongezeka.

Na wanafanana kwelikweli. Rangi ya miguu, madoa ya tumbo na giza la ncha za mabawa hubadilika ndani ya spishi moja, kati ya dume na jike, na kati ya mdudu aliyetoka kwenye pupa leo na aliyeishi wiki kadhaa. Waandishi wa karne ya 19 mara nyingi walikuwa na mdudu mmoja mkononi, wakaeleza rangi yake, wakampa jina, wakamtia kwenye Leptogaster kwa sababu ndiyo jenasi waliyoifahamu. Jenasi hiyo ina zaidi ya spishi 200, na baadhi ya majina humo yanasubiri mtu wa kuyapitia upya. Hiyo si kazi ya mchana mmoja. Dikow alipoipitia jenasi jirani, Euscelidia, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003, alilazimika kurudi kwenye sampuli za asili zilizotumiwa kutoa majina na kuzilinganisha moja moja.

Kinachotenganisha spishi kwa uhakika zaidi ni viungo vya uzazi vya dume, vilivyo kwenye ncha ya tumbo. Sehemu hizo hubadilika haraka katika mageuzi kuliko sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo spishi mbili zenye rangi na umbo moja zinaweza kuwa na ncha tofauti kabisa. Ila zina ukubwa wa sehemu ndogo ya milimita na zimekunjwa, na nyingi ya tofauti huonekana baada ya kuchemshwa polepole kwenye maji ya potasiamu haidroksidi ili misuli iondoke. Hakuna kamera ya simu itakayokuonesha hayo kwa mdudu aliye hai.

Kwa jenasi mambo ni nafuu kidogo. Moja ya sifa za kwanza kwenye funguo za utambuzi, yaani orodha za maswali yanayokuongoza hatua kwa hatua hadi kwenye jina, ni empodi, mwiba mdogo ulio katikati ya kucha mbili. Kwa Leptogaster empodi ipo na imekua vizuri, kwa jenasi nyingine ni fupi mno au haipo kabisa. Zinafuata nywele za kifua, uwiano wa urefu wa pingili za tumbo, na umbo la paja na muundi wa nyuma. Jenasi Lasiocnemus, kwa mfano, ina miguu ya nyuma yenye nywele nyingi kiasi cha kuonekana hata kwenye picha ya wastani.

Basi ufanye nini kama hutaki kuua? Unayo njia ya kati ambayo watu wengi huisahau. Mkamate kwa wavu laini, mwingize kwenye kichupa safi cha kioo, kiweke kwenye jokofu dakika chache, si kwenye sehemu ya kugandisha. Baridi itamtuliza. Mtoe, mpige picha kwa lenzi ya kukuza: uso kwa mbele, ubavu mzima, mabawa kwa juu, paja la nyuma, na kucha kwa ukaribu wowote utakaoweza. Weka rula ionekane kwenye picha moja. Akipata joto ataruka aende zake. Picha hizo zinaweza kukufikisha kwenye jenasi. Ukitaka picha bila kumkamata kabisa, nenda asubuhi mapema kabla jua halijapanda, wakati wadudu wamepoa na wamejishikiza kwenye mabua, na tumia mwanga wa ziada wa pembeni.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Ukiamua kuchukua sampuli chache, madume hasa, unafanya jambo ambalo picha elfu haziwezi kulifanya, na mdudu mmoja mmoja aliyechukuliwa kwa uangalifu haitikisi idadi ya wenzake. Kinachodhuru nzi hawa ni kufyekwa kwa nyasi na dawa za kunyunyizia. Binafsi sioni aibu katika kukusanya, naona aibu katika kukusanya bila lebo. Sampuli isiyo na mahali, tarehe, jina la mkusanyaji na maelezo ya mazingira haina faida kwa mtu yeyote, afadhali ungemwacha hai. Kama ni ndani ya eneo la hifadhi, omba kibali kwanza, na kama unataka kuipeleka sampuli nje ya nchi, uliza kibali cha kusafirisha kabla hujaifunga.

Ukichukua, fahamu kwamba hawa ni dhaifu mno wakikauka. Miguu ya nyuma huanguka kwa kuguswa tu, na ndiyo unayoihitaji. Usimchome pini nene katikati ya kifua. Ama mgundishe ubavuni kwenye ncha ya kipande cha kadi ngumu, ama mhifadhi kwenye ethanoli. Ethanoli ya asilimia 70 inafaa kwa maumbile, ya asilimia 95 ni bora kama kuna nia ya DNA. Mguu ukianguka, uweke kwenye kapsuli ndogo kwenye pini ileile, usiutupe. Na akiwa na windo mdomoni, mhifadhi pamoja na windo lake na uandike hivyo kwenye lebo. Rekodi za chakula za kundi hili ni adimu, na yako inaweza kuwa ya kwanza kwa spishi hiyo.

Watu huniuliza kama DNA haimalizi kazi yote. Kipande cha COI, jeni inayotumika sana kutambua spishi za wanyama, kinaweza kutenganisha spishi nyingi, ila kinakupa jina pale tu ambapo mtu mwingine amekwisha kuweka mfuatano wa spishi hiyo kutoka kwa sampuli iliyotambuliwa vizuri. Kwa nzi wasiofahamika sana, mara nyingi jibu linalorudi ni kwamba sampuli yako haifanani na chochote kilichopo. Ni jibu la maana, lakini si jina.

Wakati wa kumpelekea mtu ana kwa ana ni pale unapokuwa na dume lililohifadhiwa vizuri, umefika kwenye jenasi, na ufunguo unakutaka uangalie viungo vya uzazi. Usijaribu kuvitoa kwa mara ya kwanza kwenye sampuli pekee uliyo nayo. Nenda kwenye makumbusho ya viumbe asili au idara ya elimuwadudu ya chuo kikuu, ukae karibu na mtu anayejua akuoneshe kwa hadubini. Fanya hivyo pia ukishuku una spishi isiyo na jina, kwa sababu kutoa jina jipya kunadai kulinganisha na sampuli za asili zilizotawanyika kwenye makumbusho mbalimbali, na sampuli utakayoitumia lazima ihifadhiwe mahali ambapo wengine wataifikia. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, ufunguo mzuri wa jenasi umo kwenye juzuu ya pili ya Manual of Afrotropical Diptera ya mwaka 2017. Utumie ukiwa na lenzi, usiutumie kwa kulinganisha michoro peke yake.

Umeniachia picha tatu, na haya ndiyo ningeandika kwenye orodha kama ingekuwa yangu. Ya kwanza, ile programu iliyoiita mbu mkubwa, ni Tipulidae. Mfereji wa V unaonekana mgongoni na vipapasio ni virefu, kwa hiyo si mbu na si mdudu tunayemzungumzia. Ya pili, iliyoitwa kerengende, naona mabawa mawili, paja la nyuma lililovimba na bonde kati ya macho: Asilidae, Leptogastrinae, jenasi haijulikani, kwa sababu kucha zimefichwa na jani. Ya tatu, uliyoiandika L. cylindrica, ni Leptogastrinae pia, jike kwa jinsi ncha ya tumbo ilivyo, na kwenye mguu wa kati naona kitu kati ya kucha kinachoelekea kuwa empodi. Iandike “Leptogaster?” pamoja na alama ya kuuliza, uweke tarehe, na uongeze maneno yale uliyoniandikia kuhusu jinsi anavyoelea. Ukimpata dume mahali hapohapo msimu huohuo, mpige picha za kucha kwanza kabla ya kitu kingine chochote.